Sura ya Nane: Kondoo Mwenye Jani Shingoni

"Bila kielelezo, kesi yako ni hewa," mwendesha mashtaka alimwambia Inspekta Paskalina Ijumaa jioni. Asubuhi ya Jumamosi Inspekta akapanda Landrova kwenda kukitafuta hicho kielelezo kwa mara ya pili, kwenye boma la Kasaine, juu ya Ngaramtoni.

Kielelezo chenyewe kilikuwa kipimajoto. Si kile cha zahanati cha kubana kwapani. Hiki kilikuwa bomba la chuma cha pua, refu kama mkono wa mtu mzima, lililoletwa kwa ndege kutoka Ulaya ili lishushwe kwenye kisima ambacho Kampuni ya Mvuke wa Meru ilikuwa imekichoronga ubavuni mwa mlima. Kampuni ilikuwa inatafuta umeme ndani ya mwamba wa moto, huko chini kabisa, na mwaka ule nani hakuwa anautafuta umeme? Mabwawa yalikuwa yamekauka, mgawo umeingia, na mjini kila mwenye duka alikuwa ametoa jenereta barazani, likimngurumia mteja masikioni hata bei asiisikie.

Mhandisi wa kisima alitoa taarifa Jumatatu kwamba kipimajoto kimeibwa Jumapili. Alhamisi, siku ya gulio, Paskalina alimtia pingu mlinzi wa kampuni, mzee Kasaine, katikati ya watu na mbuzi, mbele ya rika lake lote. Jumatatu inayokuja mzee angesomewa mashtaka. Mwekezaji alishasema anataka mfano utolewe, na mfano maana yake ilikuwa kifungo.

Maelezo ya Kasaine polisi yalikuwa mafupi kuliko risiti. Kuna mgeni aliyeingia kwenye banda la winchi Jumapili? Hakuna. Una hakika? Hakuna mtu. Basi, ikawa imekwisha. Kama hakuna aliyeingia, mwizi ni yule aliyekuwa ndani ya uzio. Hesabu ya darasa la pili, na Paskalina aliipiga haraka kama mtoto wa darasa la pili.

Koplo Khalfani ndiye aliyekuwa akiendesha. Alikuwa mtu wa Kondoa aliyekulia Kaloleni, na ulimi wake haukujua kupumzika.

"Afande, hii dizeli tunayochoma ni ya kampuni," alisema wakikata kona ya kupanda mlimani. "Tukimkosa mwizi watatudai tuitapike."

"Endesha gari, Khalfani."

Bomani walimkuta Nanyori, mke wa Kasaine, akichambua maharage. Hakusimama. Khalfani alimsalimu kwa lugha ya kwao, "Takwenya, yeyo," na yeye akaitikia, "Iko," kwa sababu salamu haina kosa. Lakini Inspekta, Nanyori hakumtazama kabisa.

Walipekua. Khalfani alichokoa nyasi za paa, akainua ngozi za kitandani, akatia mkono kwenye ghala la mahindi mpaka kwapani. Hakukuwa na bomba. Paskalina alikuwa ameshawauliza wanunuzi wote wa vyuma chakavu kule Unga Limited, na mmoja wao, Abdulrahman, alimcheka waziwazi: nani anunue chuma kisichoingia kwenye trekta wala kwenye sufuria? Mlinzi wa Ngaramtoni angekiuza kwa nani? Swali hilo lilikuwa la kuulizwa kabla ya pingu. Sasa lilikuwa linamfuata nyuma.

"Afande, njoo uone," Khalfani aliita kutoka zizini. "Bwana yuko ndani tangu juzi, na bibi ananunua kondoo mpya. Hela ya nani hiyo?"

Kondoo alikuwa jike, mweupe, msafi mno kwa zizi lile. Wenzake walikuwa wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Paskalina alichuchumaa akamshika mguu. Kwato zilikuwa ndefu, zimepinda mbele. Mnyama wa kuswagwa malishoni kila siku hawezi kuwa na kwato za hivyo, mawe yanazisaga. Huyu alikuwa amekulia bandani, akiletewa majani mdomoni.

"Huyu kondoo ametoka wapi, mama?"

"Sikumnunua," Nanyori alisema. "Jana asubuhi nilienda mtoni. Niliporudi nikasikia gari linaondoka, nikamkuta amefungwa hapo langoni."

"Gari la nani?"

"Nitajuaje? Magari yote ni yenu."

"Aliachwa na ujumbe wowote?"

"Ujumbe gani? Alikuwa na jani shingoni, limefungwa fundo. Nikaona ni uchawi, nikalitupa uani."

Khalfani ndiye aliyelitoa kwenye miiba ya ua. Jani refu, la kijani kibichi, limeanza kunyauka kwenye fundo. Paskalina hakulipokea mara moja. Uso ulipata moto, na hakuweza kusingizia jua, maana jua lilikuwa bado halijapanda.

"Unalijua, afande?"

"Ni isale."

"Isale ni nini?"

"Kwetu Kibosho, mtu akikukosea kosa ambalo mdomo hauwezi kulisema, anakuletea jani hili. Kosa likiwa kubwa analivika kondoo. Ukilipokea umesamehe. Ukilikataa, wazee wanakushangaa wewe, si yeye."

Khalfani alikuna kidevu. "Kwa hiyo kuna mtu anamwomba mwizi msamaha?"

"Mwizi haombwi msamaha, Khalfani."

Alisimama, akapangusa magoti, akaanza kuwapanga watu wake kichwani. Wafanyakazi wa kisima walikuwa Waarusha wa vijiji vya jirani, nao huomba radhi kwa njia zao. Wameru wa upande wa pili wa mlima wanalijua isale, lakini kisimani hakukuwa na Mmeru hata mmoja. Mwekezaji alikuwa Mzungu. Khalfani, majani aliyoyajua ni ya chai. Katika kesi hii Wachagga walikuwa wawili tu: mhandisi Rodrick, na yeye mwenyewe. Na yeye hakuwa ameleta kondoo.

Tatizo ni kwamba Rodrick alikuwa na shahidi wa Jumapili nzima, shahidi asiyeweza kutiliwa shaka. Siku ile ilikuwa kipaimara ya mtoto wa dada yake, kule Elerai, na Inspekta Paskalina alikaa naye meza moja toka watu walipotoka kanisani mpaka giza. Ndiyo maana hakumhoji. Ungemhojije mtu ambaye mlikuwa mnakula naye? Tena kijana wa nyumbani, mhandisi, mwenye shikamoo yake ya adabu?

Alimgeukia Nanyori. "Mama, huyu kondoo mtunze. Asichinjwe."

"Mume wangu je? Naye mnamtunza?"

Khalfani aliharakisha kwenda kuwasha gari.

Kisima kilikuwa mwendo mfupi kutoka pale, kwenye uwanja uliosawazishwa katikati ya mashamba ya ngano na msitu wa serikali. Mnara wa kuchoronga ulikuwa umesimama kimya. Rodrick alitoka kwenye kontena lililofanywa ofisi, shati limenyooshwa, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, dada Paskalina."

"Marahaba. Nionyeshe tena banda la winchi."

"Mmekipata?"

"Nionyeshe banda."

Lilikuwa banda la mabati, dogo. Ndani kulikuwa na winchi, na kwenye winchi waya mwembamba wa chuma uliozungushwa tabaka juu ya tabaka. Ukutani kulikuwa na ndoano tupu ambayo kipimajoto kilitakiwa kuning'inia. Ncha ya waya ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma, mkato safi. Paskalina alikuwa ameuona mkato huo siku ya kwanza, akaandika "mwizi alikata waya", akaondoka.

"Nieleze kazi yake tangu mwanzo. Mimi sikusoma mambo haya."

Rodrick alipenda kueleza. Hata siku hiyo, macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi, sauti ilimrudia alipofika kwenye mwamba.

"Hapa juu ni majivu ya mlima na mawe ya volkano. Chini yake kuna mwamba wa matale, mgumu, wa zamani kuliko mlima wenyewe. Mwamba ule ni wa moto, dada, lakini ni mkavu. Hauna maji ya kuleta huo moto juu. Kwa hiyo tunaupasua kwa maji ya msukumo mkubwa, unapata nyufa. Halafu unachoronga kisima cha pili pale. Maji baridi yanashuka huku, yanapita kwenye nyufa, yanapanda kule yakiwa mvuke. Mvuke unazungusha mtambo wa umeme. Haungoji mvua, haungoji bwawa."

"Na kipimajoto?"

"Kinatuambia kama mwamba una moto wa kutosha. Ukiwa vuguvugu, mwekezaji anafunga mizigo."

"Mlikuwa mmeshapima chini kabisa?"

"Bado. Tulikuwa tunashuka kidogo kidogo. Tunashusha, tunasoma, tunapandisha haraka, maana joto linaharibu. Kila tukimaliza tunaufuta waya na kuupaka grisi mpya."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ni sheria yangu."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Jumamosi jioni, kabla ya Jumapili ya wizi. Niliufuta mwenyewe, nikaupaka, nikakitundika pale."

Paskalina aliuvuta waya kidogo kutoka kwenye winchi, akaukwaruza kwa kucha. Grisi haikuchafua kidole. Ilibanduka vipande vipande, vyeusi, vikavu, kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Aliuvuta zaidi. Ukoko uliendelea. Alizungusha winchi kwa mkono mpaka mbali, ndipo grisi ikaanza kuwa laini.

"Rodrick, humu ndani mna jiko?"

"Hapana."

"Mlishawahi kuwasha moto humu?"

"Hapana, dada. Kuna dizeli hapo nje."

"Basi hii grisi ya Jumamosi jioni imeungulia wapi?"

Rodrick alitazama waya. Kalamu yake mfukoni ilikuwa imeanza kuvuja na hakuiona.

"Labda... labda nilisahau kuupaka."

"Ndiyo sheria yako."

"Binadamu anasahau."

"Anasahau, ni kweli. Kule Elerai nyumbani kwa dada yako mnafuga kondoo bandani, eti?"

Rodrick aliinama akajifanya anakaza skrubu ya winchi.

"Weupe," alisema Paskalina. Akalitoa jani mfukoni akaliweka juu ya winchi. "Nilikuwa najiuliza swali la kijinga wiki nzima. Najiuliza wewe ulikuwa wapi Jumapili. Nilijua ulikuwa wapi, nilikuona kwa macho yangu. Nilitakiwa kuuliza kipimajoto kilikuwa wapi. Hakikuwa kwenye ndoano hiyo, sivyo?"

Rodrick aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alichukua muda mrefu, na Paskalina akamwacha auchukue. Hiyo ndiyo kazi ambayo hakuifanya kwa Kasaine, kumwachia mtu kimya chake mpaka akijaze mwenyewe.

"Nilikishusha Jumapili alfajiri," alisema hatimaye. "Mpaka chini kabisa. Mwekezaji alikuwa anarudi toka Nairobi Jumatatu, nilitaka nimpe usomaji nikiwa nimeshaupata. Nilitaka kikae kidogo kule chini kizoee joto, nami niende kanisani nimwone mtoto anawekewa mikono, nirudi. Nilimwambia mzee Kasaine asiguse kitu, akaniambia sawa."

"Hukurudi."

"Nilitaka kurudi! Dada, nilisimama. Nilishafika kwenye gari. Nani aliyenishika mkono?"

Paskalina alijua kabla hajamaliza. Aliiona siku ile yote: maturubai, spika, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imesimama mezani na majani mdomoni, na yeye, Inspekta mzima, akimfuata Rodrick mpaka getini na kumrudisha huku watu wakipiga vigelegele. Mjomba haondoki ndafu haijakatwa! Nani atamlisha mtoto? Watu walicheka. Yeye alicheka kuliko wote. Na mjomba, kwa mila, ndiye wa mwisho kuitwa na zawadi yake, na mwenye spika alikuwa amekunywa mbege, na hotuba hazikuisha.

Aibu ilimwingia hapo, akiwa amesimama ndani ya banda la mabati, na haikutoka.

"Endelea," alisema.

"Nilirudi Jumatatu kulipokucha. Nikapandisha waya, ukaja mwepesi. Ncha tupu. Kishikio cha kipimajoto kilifungwa kwa risasi ya kulehemu, na risasi ilikuwa imeyeyuka, imebaki tone tu. Kipimajoto kimebaki chini, hakitoki tena. Nikaikata ile ncha nikaitupa."

"Risasi iliyeyuka."

"Iliyeyuka yote."

"Sikusoma mambo haya," Paskalina alisema polepole, "lakini nisaidie. Kama risasi imeyeyuka, mwamba ni wa moto."

"Ni wa moto, dada. Ni wa moto kuliko walivyotegemea Wazungu wenyewe."

"Na mwekezaji anaamini hakuna usomaji, anafikiria kufunga mizigo."

"Ndiyo."

"Wewe peke yako ndiye unayejua kwamba kisima ni kizuri."

"Mimi peke yangu." Alianza kulia, bila sauti, akijifuta kwa mkono wenye grisi. "Ningemwambia nini? Kwamba nimeacha kifaa cha watu shimoni nikaenda kula ndafu? Mimi ndiye mwenyeji wa kwanza kukabidhiwa kisima. Walikuwa wanangoja nikosee. Wangesema, mnaona, ndivyo walivyo, kazi na sherehe hawazitenganishi. Nikasema kimeibwa. Nilidhani mtaandika tu, mtafunga faili. Wizi mwingi hauna mwizi. Sikujua mtamkamata mzee."

"Ulijua Alhamisi."

"Alhamisi nilijua."

"Leo ni Jumamosi."

"Nilipeleka kondoo, dada Paskalina."

"Kwa Mwarusha! Mwanamke wa watu amedhani ni uchawi, akalitupa jani kwenye miiba." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Na usiniite dada. Leo niite afande. Ungeniita afande siku ya kwanza, labda ningekuwa nimekuuliza maswali. Twende."

"Unanifunga pingu?"

Paskalina alilitazama shati lake lililonyooshwa. Siku ya Alhamisi hakumwuliza Kasaine kama anapenda pingu.

"Mkono wako," alisema.

Khalfani aliwasha gari wakashuka mlima. Walipopita Ngaramtoni watu waligeuka kutazama, na Rodrick akainamisha kichwa mpaka magotini. Inspekta alikaa wima kiti cha mbele, ingawa angekuwa na mahali pa kujificha naye angejificha.

Kituoni aliagiza Kasaine aletwe ofisini, si dirishani mahabusu. Mzee aliingia bila mkanda na bila viatu, shuka lake limekunjwa begani kwa unadhifu uleule aliokuja nao. Paskalina alisimama. Alimpa kiti. Kasaine alikitazama kiti, akabaki wima.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Kipimajoto hakikuibwa. Kimebaki kisimani. Mhandisi amekiri. Uko huru, na Jumatatu nitakwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka kufuta jina lako."

Rodrick alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, pingu mkononi, jani la isale kati ya vidole. Alianza kusema, maneno yakamshinda. Alilinyanyua tu lile jani.

Khalfani alinong'ona, "Mzee, kwao hiyo ni radhi. Ukilipokea umemsamehe."

Kasaine alilichukua, akaligeuza upande huu na huu. "Sisi hatuna hili," alisema. "Lakini mtu akipiga magoti najua anapiga magoti. Inuka, kijana. Mimi na wewe tutaongea bomani, na baba yako awepo."

Kisha akamgeukia Paskalina, naye Inspekta akamtangulia kusema.

"Mzee, na mimi nimekukosea. Naomba radhi."

"Siku ile nilitaka kukuambia," alisema Kasaine. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Nilitaka kukuambia waya ulikuwa umenyooka shimoni kutwa nzima. Kitu kiko shimoni, kinaibwaje bandani? Nikaanza kusema. Ukaniambia, mzee, jibu unachoulizwa. Nikajibu nilichoulizwa."

"Nakumbuka."

"Sasa na mimi nakuuliza. Huyu kijana alisema uongo kwa sababu anawaogopa Wazungu wake. Sawa, woga naujua, hata simba ana woga. Wewe ulimwogopa nani, hata ukashindwa kunisikiliza?"

Khalfani alitazama dirisha. Rodrick alitazama sakafu. Paskalina alitafuta jina la kutaja: mkubwa wake, mwekezaji, mwendesha mashtaka. Yote yangekubalika. Yote yangekuwa uongo, na uongo wa wiki hiyo ulikuwa umetosha.

"Hakuna, mzee," alisema. "Sikumwogopa mtu."

Kasaine alifikiri kidogo, akatikisa kichwa, kama anayepima mifugo miwili na kuona tofauti.

"Basi huyu ni afadhali," alisema, akatoka nje kutafuta viatu vyake.